Faili la Nyumbani na Salamu za Shangazi

Leo sina pa kuuficha uso. Kwa sasa nimeuficha stoo, katikati ya maboksi ya nyaya, nakula karanga. Sitoki mpaka wenzangu ofisini wamalize kucheka. (Watakawia. Kicheko cha Rehema kina awamu tatu, na ndio kwanza yuko ya pili.)

Ndugu zangu wa jukwaa, nitawaeleza taratibu. Wasiojua mambo ya simu za intaneti wasikimbie. Mtaelewa tu. Mimi mwenyewe nilielewa, na mnazijua maksi zangu za fizikia.

Kampuni yetu ni ndogo. Tuko Manyoni, watu watatu: Bwana Mkumbo ambaye ndiye bosi, Rehema wa mapokezi, na mimi Elia, fundi. Tangu biashara ya simu ifunguliwe kwa watu binafsi, makampuni makubwa yamejenga minara kandokando ya barabara kuu, na huko ndani yametuachia sisi wadogo. Kazi yetu ni viboksi. Kiboksi ni kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Upande mmoja unachomeka simu ya kawaida ya mezani, upande wa pili unachomeka waya unaotoka kwenye antena ya juu ya paa. Basi. Simu ya mezani imekuwa simu ya intaneti, na mwalimu wa Itigi anaongea na mwenye kiwanda cha alizeti hapa Manyoni kama wamekaa benchi moja.

Viboksi viko ishirini na tatu, kuanzia Kintinku mpaka Mitundu. Huwezi kuvifuata na pikipiki kila ukitaka kubadili jambo. Ndiyo maana kuna seva, kompyuta moja hapa ofisini, na ndani yake kuna faili la maelekezo. Kila nusu saa kila kiboksi kinapiga hodi kwenye seva na kuuliza, "Kuna jipya?" Kikikuta faili limebadilika, kinalisoma na kulitii. Hakibishi. Sisi tunasema kiboksi kimerudi nyumbani. Na lile faili linalosomwa na viboksi vyote, bosi alilipa jina "nyumbani".

Shikilieni hapo.

Sasa, leo ilikuwa siku kubwa. Kamati ya zahanati za ndani ndani ilikuwa inakuja kutukagua. Wakiridhika, zahanati kumi na nne zinafungiwa simu, na mimi napewa seva niisimamie moja kwa moja, nikae kwenye kiti cha ofisini chenye magurudumu. Wasiporidhika, bosi aliniambia bila kuficha, "Elia, utarudi kupanda minara." (Naogopa urefu. Kazini hawajui. Ninyi sasa mnajua.)

Na kabla ya leo kulikuwa na jana. Jana jioni, nikiwa nimeshamaliza maandalizi yote, nikaona nimfanyie mama yangu wema. Mama yuko Kintinku, amefanyiwa upasuaji wa macho, na tarakimu za simu hazioni vizuri. Mtu anayeongea naye kila siku ni mmoja tu: wifi yake, yaani shangazi yangu Yunisi, anayekaa kule juu Kilimatinde. Antena yetu kubwa imesimama uani kwa Shangazi. Tulipotaka kumlipa kodi alikataa, akasema, "Nipeni simu, nisikie watu." Alikuwa mkunga miaka mingi. Nusu ya watu wa kule juu wameingia duniani kupitia mikono yake, na hajamsahau hata mmoja.

Basi nikamtengenezea Mama maelekezo yake. Moja: akinyanyua simu tu, bila kubonyeza kitu, impigie Shangazi. Mbili: isipokee simu ya mtu mwingine yeyote isipokuwa ya Shangazi, maana kuna mlevi mmoja humpigia kwa kukosea namba halafu anaimba. Tatu: kiboksi kirudi nyumbani mara moja tu kwa siku, kisije kikawakatia maongezi mawifi wawili wakiwa katikati ya habari za watu.

Kazi safi. Nikaihifadhi. Jina la faili? Mama yuko wapi? Yuko nyumbani. Nikaandika "nyumbani". Kompyuta ikaniuliza kitu kwa Kiingereza, nikabonyeza ndiyo. (Kompyuta huwa zina maswali mengi.) Nikafunga ofisi nikaenda kula ugali kwa amani.

Asubuhi nilifika nimevaa shati jeupe. Rehema alikuwa wa kwanza kunyanyua simu, anataka kumpigia mwenye kiwanda cha alizeti. Nikamsikia.

"Shikamoo... Mimi Rehema... Ndiyo mama... Nimeamka salama... Wote wazima... Hapana, bado sijaolewa... Asante. Haya." Akaweka simu chini. Akaiangalia.

"Elia, kiwandani wameajiri bibi?"

"Umekosea namba."

"Namba gani? Sijabonyeza hata moja!"

Nami, kwa hulka yangu ya kupenda kufundisha, nikamsogelea, nikamweleza kwa upole kwamba kwanza unanyanyua, pili unasikiliza ule mlio, tatu unabonyeza tarakimu moja moja bila haraka. Nikamtia moyo kwamba hata mimi nilianza hivyohivyo. (Dada huyu anapiga simu tangu nikiwa shule ya msingi.) Alinitazama kwa namna ambayo ilipaswa kunishtua. Sikushtuka. Nikaenda kuwapangia wageni viti.

Simu yangu ya mkononi ikalia mara moja ikakata. Mtu kanibipu. Nikapiga. Alikuwa mwalimu wa Itigi, amesimama barabarani ambako mtandao unashika.

"Fundi, shikamoo nimeshatoa. Habari za shamba nimeshatoa. Nimeulizwa mpaka mke wangu anatumia dawa gani ya mgongo. Sasa naomba simu ifanye kazi."

"Mwalimu, umeongea na nani?"

"Mimi nitajuaje? Mama mmoja mwenye heshima zake. Nikikata nikinyanyua tena, ni yeye. Ananiambia, 'Umesahau nini, mwanangu?'"

Nikajiambia labda ni upepo umegusa antena. Nikamwambia mwalimu avute subira. Nilikuwa bado nimeshika simu mkononi wakati gari la wageni linaingia.

Walikuwa wanne. Mwenyekiti wao ni Mzee Njiku, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa suti na kalamu tatu mfukoni. Pamoja naye alikuwepo Nesi Halima wa Mitundu, na wajumbe wawili ambao kazi yao ilikuwa kukubaliana na Mzee Njiku. Tukawaamkia, wakaketi. Bosi akasema maneno matatu ya ukaribisho, kisha akanikabidhi uwanja.

Jamani, nilieleza! Nilichukua kiboksi, nikakiinua juu kama mchungaji anayeinua mtoto wa ubatizo. Nikawaonyesha seva. Nikawaambia hii ndiyo nyumbani, na hawa ishirini na tatu ni watoto, na mtoto mwema hafanyi jambo bila kuuliza nyumbani. Mzee Njiku akatoa kalamu moja akaandika. Nesi Halima akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilikuwa nakiona kile kiti cha magurudumu kikinijia.

"Sasa," nikasema, "nitampigia mteja wetu wa Mitundu, umbali wote ule, na mtamsikia kama yuko humu ndani."

Nikawasha spika. Nikanyanyua simu. Sikuwahi kugusa namba.

"Mbukwenyi!" ikasema simu, kwa salamu ya Kigogo.

Sauti hiyo naijua tangu kuzaliwa. Ndiyo sauti ya kwanza niliyoisikia duniani, na inasemekana siku hiyo pia nililia.

Nikakata.

"Mwingiliano wa mawimbi," nikawaambia wageni. (Hakuna kitu kama hicho kwenye mtambo wetu.) Nikanyanyua tena.

"Mbona mnakata kata? Nani kawafundisha kumkatia mtu simu kabla hajaitikia?"

Nikakata tena. Jasho lilikuwa limeshafika kwenye shati jeupe. Bosi akainuka, akanisogeza kwa kiwiko, akanyanyua mwenyewe.

"Hallo! Nani mwenzangu?"

"Mwenzako? Wewe ni nani, kwanza?"

"Mimi ni Mkumbo, wa kampuni ya simu."

"Mkumbo! Ndio nakutafuta. Lakini shikamoo yako iko wapi?"

Bosi wangu ana miaka hamsini na kitu, ana mvi, ana kitambi cha heshima. Akasimama wima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo? Mifugo? Mvua huko imewaonea huruma? Na hao ninaowasikia wanakohoa nyuma yako ni akina nani?"

Ikabidi kamati yote ijitambulishe. Nesi Halima akatoa shikamoo yake haraka. Wale wajumbe wawili wakatoa kwa pamoja. Akabaki Mzee Njiku, amekunja mikono.

"Kuna mmoja hajasema," Shangazi akasema. Sijui alijuaje.

"Mama, mimi ni mtu mzima," Mzee Njiku akajibu. "Nina wajukuu kumi na wawili."

"Mimi nina vitukuu."

Kalamu zote tatu zilitulia mfukoni.

"Shikamoo," akasema Mzee Njiku.

"Marahaba, mwanangu. Hongera kwa wajukuu."

Nilikuwa nimeshakimbilia kompyuta. Nikafungua faili la "nyumbani". Humo ndani sikukuta maelekezo ya ishirini na tatu. Nilimkuta mama yangu! Kila kiboksi, Kintinku mpaka Mitundu, kilikuwa kimesoma kwamba kikinyanyuliwa kimpigie Shangazi, kisipokee mtu ila Shangazi, na kisirudi kuuliza lolote mpaka jioni. Simu pekee iliyonusurika ni ya Shangazi mwenyewe, kwa kuwa yake imeungwa palepale kwenye antena na ina faili lake. Na nakala ya lile faili la zamani? Ilikuwepo, namshukuru Mungu, bosi huiweka kando. Nikairudisha pale pale, ile ya Mama nikaipa jina la Mama. Lakini viboksi vingejuaje? Vilishaambiwa visirudi. Nilikuwa na dawa mkononi na wagonjwa wote wamefunga milango.

Huku nyuma Shangazi anaendelea, spika imefunguka mpaka mwisho.

"Mkumbo, mwambie Elia asante. Tangu kumekucha, watu kumi na nane wamenipigia kunisalimia. Kumi na nane! Hata siku ninastaafu hawakufika. Mwalimu wa Itigi kanisalimia mara nne. Najua ni Elia kawaambia, kwa ajili ya kiwanja nilichowapa. Mimi nilikuwa nasema kijana huyu amenisahau. Kumbe alikuwa ananiandalia jambo."

Chumba kizima kikanigeukia. Bosi akaziba spika kwa kiganja.

"Elia. Umefanya nini?"

Ningeweza kudanganya. Ningesema ni zawadi ya kampuni kwa mwenye kiwanja, Shangazi angefurahi, na huenda kamati ingepiga makofi. Lakini kulikuwa na simu ishirini na tatu zilizokufa, na mojawapo iko chumba cha kujifungulia kule Mitundu, kwa majaribio. Nesi Halima alikuwa ananiangalia mimi, si simu. Nikainama kwenye spika.

"Shangazi, ni mimi Elia."

"Elia nani? Elia wangu huanza na shikamoo."

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Sema."

Nikasema. Yote. Mbele ya kamati, mbele ya bosi, mbele ya Rehema aliyekuwa amesimama mlangoni na trei ya chai. Nikasema sikumtuma mtu yeyote kumsalimia. Nikasema nilikuwa namtengenezea Mama, nikaandika "nyumbani" nikimaanisha kwetu, kumbe ofisini nyumbani ni kwa wote.

Nilitamani nipande mnara, hata ule mrefu.

Halafu nikasikia kitu kama birika linaloanza kuchemka. Shangazi alikuwa anacheka.

"Nyie wageni mliopo hapo! Mnasikia? Huyu ndiye yuleyule! Ngoja niwaambie. Ana miaka minane, amekuja kwangu likizo. Nimechinja kuku. Kuku mmoja! Nikamwambia, nenda kamwite jirani tule naye. Jirani! Mzee mmoja hapo ng'ambo ya ua. Akaondoka mbio. Nasonga ugali, naona watu wanaingia. Wawili. Watano. Mwingine na kigoda chake mkononi. Nikamuuliza, Elia, hawa ni akina nani? Akaniambia, 'Shangazi, wote hawa ni jirani, nimewauliza.'"

Mjumbe mmoja akateleza kutoka kwenye kiti.

"Watu kumi na tisa! Kuku mmoja! Mimi nilikula shingo. Na yeye aligawa, kwa upole kabisa, anawaambia msijali, kitatosha."

Rehema aliweka trei chini. Ilibidi. Hapo ndipo awamu ya kwanza ilipoanza. Bosi aligeukia ukutani na mabega yakawa yanatetemeka. Mzee Njiku, mtu wa suti, alivua miwani akafuta macho, akauliza, "Kitatosha?" kisha akaangua kicheko tena. Nami nimesimama katikati, nimekumbatia kiboksi.

Aliyeturudisha ni Nesi Halima.

"Sasa wodi yangu? Mtaifunguaje?"

Nikamweleza kwamba kila kiboksi kikichomolewa umeme na kuchomekwa upya, kinaamka na kurudi nyumbani papo hapo. Tatizo ni kuwaambia watu wachomoe. Huko ndani simu za mkononi hazishiki. Na hizi za kwetu hazipokei simu yetu. Hazimpokei mtu yeyote duniani.

"Isipokuwa mimi," ikajibu spika.

Tukatazamana. Alikuwa sahihi. Mtu mmoja tu katika mtandao mzima ndiye aliyeweza kumpigia kila mtu, na alikuwa ameketi Kilimatinde na kikombe cha uji.

"Nipe namba, Elia. Taratibu. Naandika nyuma ya kalenda."

Nikamsomea namba ishirini na mbili, kila moja tarakimu tatu. Akaniomba nirudie ya Mitundu, akasema ataanza na hiyo. Akakata. Tukachomoa kiboksi cha ofisini, tukakirudisha, kikaamka na akili zake. Kisha sote tukajazana mbele ya kompyuta, kamati na bosi na mimi, tunaangalia orodha ya taa nyekundu.

Ya Mitundu ikawa ya kijani.

"Kimerudi nyumbani!" akapiga kelele Nesi Halima, kana kwamba amefanya kazi hapa miaka kumi. Akapiga simu hapohapo. Akapokea muuguzi wa zamu.

"Nesi, kuna mkunga mkuu sijui wa wapi kapiga hapa. Kasema, 'Vuta pumzi. Shika waya mweusi. Sasa chomoa! Hesabu mpaka kumi. Rudisha. Umeona? Si kazi, hongera.' Nikaona nitii tu."

Ikafuata Itigi. Kikafuata kiwanda cha alizeti. Moja baada ya nyingine, kijani, kijani. Mzee Njiku alikuwa anazihesabu kwa sauti kama anaita mahudhurio ya darasa. Kila taa ilichukua kama dakika nne, na tulijua kwa nini: dakika moja ya kuchomoa na tatu za kuuliza habari za nyumbani. Chai ilinywewa, ikaongezwa nyingine. Ya ishirini na mbili ilipowaka, wale wajumbe wawili walikumbatiana.

Mzee Njiku akavaa miwani, akarudi kwenye kiti chake, akawa tena mwalimu mkuu.

"Nimekagua mitambo mingi," akasema. "Yote nilionyeshwa siku iliyo nzima. Huu nimeuona ukiharibika na nimeuona ukipona, kabla ya mchana, bila mtu kupanda pikipiki. Na fundi alipokosea alisema. Fungeni simu zahanati zote kumi na nne." Akageukia bosi. "Lakini faili libadilishwe jina."

"Tayari, mzee," bosi akasema. "Na huyu akae kwenye seva. Kosa hili hatalirudia, atatafuta jingine."

Kwa hiyo kiti cha magurudumu ni changu. Nimekikalia kidogo, kinazunguka vizuri. Kisha nikakuta Rehema amebandika karatasi juu ya kompyuta kwa herufi kubwa: ITA JIRANI MMOJA. Ndipo nilipohamia stoo.

Kabla sijaanza kuwaandikia, Shangazi kanipigia. Nilianza na shikamoo, safari hii bila kukumbushwa. Nikamwambia samahani, kwamba zile salamu kumi na nane hazikuwa zake kweli.

"Zilikuwa zangu," akasema. "Nimeziitikia zote. Na wengine wamenipigia tena baada ya simu zao kupona. Yule mwalimu mgongo wa mkewe unaendelea vizuri." Halafu akaongeza, "Mama yako amekuwa akinipigia tangu asubuhi akikuta nina watu. Alidhani nimefiwa. Tumeshamaliza kukusema. Tumetumia saa nzima."

Mwisho akaniambia nipande Kilimatinde Jumapili, anichinjie kuku.

"Mmoja, Elia. Uje peke yako."

Kwa hiyo, ndugu zangu wote mia mbili na kitu wa jukwaa hili, mmesoma na mmecheka, sijakasirika. Ila naomba ieleweke vizuri: huu si mwaliko.